Pini ya Blanketi

Ukungu ulikuwa bado umelala mlimani, na ndani ya nyumba moshi wa samadi kavu ulielea taratibu kama usingizi. Lineo alisimama katikati, blanketi la kuvaa kwenye harusi ya dada yake likiwa mabegani, akingoja Bibi amfunge pini.

Huku milimani mwanamume hufungwa blanketi begani, mwanamke kifuani. Hata kipofu akikupapasa atakujua.

Zamani, akiwa bado anahesabiwa mvulana, Lineo alijifunga kifuani mwenyewe. Kijiji kikasema amerogwa. Bibi, aliyezoea kumtania "mume wangu", akaichomoa pini mbele za watu. Baadaye wakasema ni ugonjwa wa mjini. Kisha wakabaki kunong'ona, na minong'ono nayo ikachoka.

Nje wanawake walikuwa wakiimba, sauti zikija na kupotelea ukunguni.

"Bibi, watu watasema."

"Waseme, midomo yao. Wewe simama wima."

Vidole vyenye harufu ya moshi vikapanda hadi begani. Vikatulia pale. Lineo akafumba macho.

Akasikia ncha ya pini ikitoboa sufu. Si begani. Ilikuwa chini ya koo, pale moyo ulipokuwa ukimdunda.

"Unatetemeka nini? Haya, toka, mke mwenzangu."

Lineo akasukuma mlango. Wimbo ukakatika.

Kisha, katika mstari wa wanawake, mmoja akasogea kidogo, kumwachia nafasi.