Nafuu ya Alasiri

Fundi alikuwa amejikunja juu ya maranda ya mbao, magoti yamefika kifuani, na penseli yake ya kupimia ameiuma hadi ikakatika. Hakutaka kulia. Mama mkwe wake alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, na mwanamume hamlilii mama mkwe tumbo.

"Nyoosha mguu, mwanangu, nikuone."

"Haunyooki, mama."

Mtaani walimbandika pia jina la utani, Chuma, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amelala mchana. Jana jioni alipoanza kulalamika, wateja walimtania kwamba chuma hakiumwi tumbo, kinaota kutu tu. Akacheka nao. Wakati huo maumivu yalikuwa kwenye kitovu, yanasokota na kuachia, naye akakisingizia chakula cha mchana. Leo asubuhi yalihamia chini, upande wa kulia, yakagota hapo kama msumari.

Mkewe, mshonaji wa sare za shule, aliacha nguo chini ya sindano ya cherehani akaenda kumleta muuza dawa wa duka la pale kona. Yule bwana alipiga magoti, akabonyeza tumbo taratibu kwa vidole viwili. Fundi akavumilia. Lakini vidole vilipoachia ghafla, alipiga ukelele uliomfanya mama mkwe atazame pembeni.

"Za kutuliza ninazo, ila sikuuzii," muuza dawa alimwambia mke. "Nadhani ni kidole tumbo, na hicho dawa yake ni kisu. Mpelekeni hospitali. Asile wala kunywa kitu."

"Hata chai ya tangawizi?" Mama mkwe alikuwa tayari ameshika kikombe.

"Hata hiyo, mama."

Hospitali ilikuwa mji wa pili, na mafuta yalikuwa yameadimika. Gari la wagonjwa, walijibiwa kwenye simu, lipo, ila limekauka. Pikipiki za mtaani zilikuwa zimejikalia kivulini kama kuku wenye mdondo. Mke akampigia dada yake, muuguzi katika hospitali hiyohiyo. Simu iliita hadi ikakata. Dada akiwa chumba cha upasuaji hashiki simu. Akapiga tena, na tena, kisha akachomoka nje na ndara zake.

Jirani yao, dereva wa teksi, alikuwa kwenye foleni ya kituo cha mafuta, nyuma kabisa, pale foleni ilipopinda kona. Mke hakujua amwombe nani ruhusa, kwa hiyo alimwomba kila mtu. Alipita dirisha hadi dirisha.

"Mume wangu anakufa na tumbo. Naomba jirani yangu apite mbele."

Siku zote alimwita Fundi, kama watu wengine. Leo neno mume lilimtoka lenyewe.

Mwanamume mmoja alipandisha kioo. Mwingine, baba mtu mzima, alisema hata yeye binti yake ameshikwa na uchungu wa kuzaa na gari halina hata tone. Mke akaenda dirisha lililofuata, akaanza upya. Ndipo dereva mmoja wa lori akashuka, akaanza kuwasogeza wenzake huku akiwagombeza, na teksi ikapenya.

Njia nzima ya kurudi mke alikuwa akiwaza jinsi watakavyombeba. Alipoingia karakana alimkuta mumewe ameketi kwenye benchi, ameegemea ukuta. Jasho lilikuwa bado linamtiririka, lakini anatabasamu.

"Limeachia," alisema.

"Tumbo?"

"Tumbo. Limeachia lenyewe. Wala chai ya mama sijainywa."

Mama mkwe alikuwa ameinua mikono juu, anashukuru kwa sauti ya chini. Mke akakaa papo hapo kwenye maranda na kulia kilio alichokibana tangu asubuhi.

"Twende hivyo hivyo," alisema alipopata sauti. "Wakutazame tu."

"Kwenye ile barabara ya mashimo? Niache nipumzike, mke wangu. Sijafumba jicho tangu jana."

Dereva alikuwa mlangoni, funguo mkononi. Alikohoa kidogo, kisha akasema kwa upole kwamba hatamwacha mgonjwa, asilani, lakini yule baba wa kwenye foleni binti yake bado anahangaika. Kama wao wameshapata nafuu.

Mke alimtazama mumewe. Alikuwa amefumba macho, na uso uliokunjamana kutwa nzima ulikuwa umetulia kama wa mtoto aliyeshiba.

"Mwahi binti wa watu, jirani," mke alisema. "Sisi Mungu ameshatuonea huruma."

Waliisikia teksi ikipanda kilima hadi mlio wake ukapotea. Fundi alitembea mwenyewe hadi kitandani, polepole, akimwambia mama mkwe kwamba ile chai sasa ataipokea. Kisha akaomba blanketi. Alasiri ile ilikuwa na joto la kubandua rangi ukutani, lakini mke alimfunika bila kuuliza. Mtu aliyekesha husikia baridi.

Alikuwa anamchomekea blanketi miguuni simu ilipoita.

"Dada," alipokea huku akicheka na kupangusa macho, "nimekusumbua bure. Shemeji yako alishikwa na kidole tumbo, tukahangaika hatuna hata gari, lakini ameshapona. Tumbo limeacha kabisa."

"Limeacha polepole?"

"Ghafla tu. Anasema kama mtu aliyekatiwa kamba."

 Mke akasikia dada yake akimwita mtu kwa jina, kwa haraka, na viatu vikikimbia sakafuni.

"Hajapona, mdogo wangu, kimepasuka," dada alisema. "Niambie mmepata gari."