Usimuulize Mtoto Roho Ameitoa Wapi

Mama mwenzangu, ukikasirika sema lolote, lakini usimuulize mtoto roho ameitoa wapi. Mimi niliuliza, jikoni kwangu huku ughaibuni, Thornton Heath, simu ikiwa mkononi.

Mama yangu alikuwa kwenye laini kutoka Machakos. Kesho yake alikuwa afanyiwe operesheni ya moyo, akataka kumsikia mjukuu wake. Binti yangu Priscilla akakataa, ati Krismasi nyanya alimwambia amenenepa.

"Roho ngumu hivyo umeitoa wapi wewe?" nikafoka.

Priscilla anasomea mambo ya dini chuoni. Akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye sahani yake.

"Wakristo wa kwanza walibishania hilo, mum. Kuna waliosema Mungu anaumba roho mpya kwa kila mtoto. Mwalimu mmoja wa mji wa kale wa Carthage akasema hapana, inatoka kwa wazazi pamoja na mwili, kama tawi linavyotoka kwenye shina. Wewe unaamini ipi?"

Nikisema ya kwanza, nimemlaumu Mungu. Nikisema ya pili, nimejitaja mwenyewe.

"Si umjibu mtoto," sauti ikatoka kwenye simu. Kumbe mama alisikia yote. "Hata mimi nilikuuliza hivyo hivyo, siku ile uliponipigia baada ya kupanda ndege bila kuniaga."

Priscilla akainua macho, akaangalia kidole changu gumba. Kilikuwa tayari juu ya kitufe chekundu cha kukata simu.