Mshika Tochi

Kwa siku tatu fundi mzee alisaka mahali gari lile kuukuu lilipovujia maji, asipaone. Alibadilisha mipira ya maji, akabadilisha rejeta, akatandika hata kadibodi chini ya injini: kavu kabisa. Lakini maji yalizidi kupungua, na injini ikachemka vilevile.

Binti yake hakugusa boneti. Alivua viatu, akaketi kiti cha abiria, akakanyaga kapeti kwa nyayo tupu.

"Baba, huku kumelowa."

"Mvua hiyo," mzee alicheka.

"Mvua gani inateleza hivi?"

Alipapasa kapeti, akamnyooshea baba vidole vilivyolowa. Mzee akavigusa, akavinusa. Vilinukia utamu, kama dawa ya rejeta. Hita, kile kifaa cha kupasha joto nyuma ya dashibodi! Maji ya rejeta yalikuwa yakivujia ndani ya gari, mahali ambapo yeye hakuwahi kupatupia jicho.

Mwenye gari aliwakuta binti amejibana chini ya dashibodi, baba akimmulikia.

"Haya fundi, umeupata ugonjwa?" alimuuliza mzee, kama alivyomuuliza miaka yote.

Mzee alijikohoza. "Ndiyo" moja tu ingetosha.

"Fundi yumo humo ndani," alisema, kidevu juu. "Msubiri amalize. Mimi nimeshika tochi tu."