Kiti Kipya cha Sebuleni

"Mama, nimewapata wote. Mdogo wangu tu simwoni."

Moyo ukampiga mama paa. Mchezo wa kujificha ulianza kitambo, na kitinda mimba wake hajui kunyamaza hata usingizini.

"Ah, watoto!" Wifi yake, aliyekuja kuiona sebule mpya, alicheka akijiweka sawa kitini.

Kiti chenyewe kilikuwa friza mbovu. Waliipaka rangi, wakaweka mto juu ili wakubwa wakae, na ndani watoto wakatia vitu vyao vya kuchezea. Kila mgeni aliisifia. Kilibaki kitasa tu, kile kinachojifunga chenyewe mfuniko ukishuka. Baba alisema atakitoa akipata nafasi.

"Una mikono ya ufundi, wifi. Mimi ningeshaitupa."

Macho ya mama yalikuwa kwenye upenyo wa pazia. Wanasesere, magari, mpira: vyote vilikuwa vimepangwa sakafuni kwa utaratibu, vimefichwa nyuma ya kitambaa. Mtu alikuwa amevitoa ili apate pa kuingia.

"Wifi," akasema, kwa sauti ambayo hata mwenyewe hakuitambua, "inuka."