Siku Mheshimiwa Alipolala Juani

Tofali mbichi elfu mbili zilikuwa zimerudi kuwa tope, na mtaa mzima ulikuwa unamtazama paka.

Paka mwenyewe, aliyeitwa Mheshimiwa, alikuwa mlangoni akijilamba maji mgongoni. Alikuwa amejinyoosha juani tangu asubuhi, na mvua ilipoanguka ilimkuta palepale, yeye na tofali.

Mfyatua tofali alisimama katikati ya uwanja, tope limemfika kwenye vifundo. Macho hakujua ayapeleke wapi. Asubuhi ileile mwenzake wa kazi, Kibonge, alikuwa amemwambia, "Bosi, tufunike. Sipendi huu upepo ulivyonyamaza." Naye akacheka mbele za watu. "Wewe na paka, nani anaijua mvua? Si huyo hapo amelala juani? Weka turubai chini, bwana."

Mdomo huponza kichwa. Tofali zilikuwa za darasa jipya la shule, na mwalimu mkuu alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na mwavuli wake, anayahesabu mafungu ya tope kwa kidole. Heri angetukana.

Na si kwamba mtu alikuwa mjinga. Miaka tisa paka yule hakukosea hata mara moja! Jua liwake litakavyo, Mheshimiwa akishaondoka uwanjani akaenda kujikunja jikoni kando ya jiko, saa mbili tatu haziishi mvua ipo. Akina mama wa mtaani walikuwa wakipita kuuliza kabla ya kuanika: "Mheshimiwa yuko wapi leo?" Mfyatua tofali akawajibu kifua mbele, utadhani paka kamzaa yeye. Kichwa cha samaki kilikuwa haki ya paka, wala hakikujadiliwa.

Aliyekuwa akimtia hasira ni mkewe. Siku kama hizo paka keshatangaza, watu wanakimbizana na maturubai, yeye yuko jikoni kwenye kigoda anajikanda goti kwa kitambaa cha maji moto.

"Goti gani hilo," mumewe alikuwa akimuuliza, "linalouma siku za kubeba maturubai tu?"

Mwaka wa kwanza wa ndoa mkewe alianza kumweleza habari za goti lile. Mumewe akamkata kauli. Mke hakujaribu tena.

Halafu, wiki tatu kabla ya tofali kuyeyuka, mumewe alimkuta tena kwenye kigoda, akamwambia mbele ya vibarua, "Afadhali paka! Paka anafanya kazi kuliko wewe." Vibarua walicheka. Mkewe alizima jiko, akatia nguo zake kwenye kikapu, akaenda kwao.

Tangu hapo jiko halikuwashwa mchana hata siku moja. Mwanamume alikula mkate mkavu, akalala kitanda kipana peke yake, na kila akigeuka alijisikia aibu upya. Alimtaka mkewe arudi, alimtaka sana. Lakini kumfuata maana yake ni kusema nimekosa, na neno hilo lilikuwa limemkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Ni Kibonge aliyempa pa kutokea, huku akizoa tope kwa koleo. "Paka kanuna, bosi. Kamkosa mama mwenye nyumba. Mnyama akiwa na majonzi hawezi kazi."

Basi! Haendi kuomba radhi. Anampeleka mgonjwa.

Kesho yake alimtia Mheshimiwa kwenye kapu, akashika njia ya ukweni. Jua lilikuwa kali, mbinguni hata wingu la dawa hakuna. Njia nzima alikuwa akijifunza la kusema: "Paka anaumwa. Rudi kwa ajili ya paka." Alilisema mara tano, na mara zote tano alijionea haya mwenyewe.

Alimkuta mama mkwe uani akianua nguo. Nusu ya kamba ilikuwa tupu tayari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Umekuja wakati mzuri, hebu shika ncha ya shuka hii."

Kabla hajatia neno, Mheshimiwa aliruka kutoka kapuni, akakata uwanja moja kwa moja hadi jikoni. Jiko lilikuwa linawaka. Mkewe alikuwa amekaa kando yake kwenye kigoda, mguu kaunyoosha, kitambaa kinafuka mvuke juu ya goti. Paka akajikunja ubavuni mwa jiko. Mkewe akasogeza mguu kidogo, paka apate nafasi. Hakumtazama mumewe.

Mfyatua tofali nusura apige vigelegele. "Amepona! Mheshimiwa amepona! Mama, anua nguo, mvua inakuja!"

"Ala! Na mimi hapa ninafanya nini?"

Mwanamume alibaki na ncha ya shuka mkononi. Ilikuwa mbichi, inadondosha maji. Akaitazama kamba, akamtazama paka ambaye ndiyo kwanza ameingia jikoni.

"Mama," alisema polepole, "wewe umejuaje?"

Mama mkwe alimkazia macho, akadhani anataniwa.

"Si goti la mkeo? Limemuuma tangu alfajiri. Toka angali mtoto, mvua haijawahi kutulowesha nguo hata siku moja." Akavuta shuka kutoka mkononi mwake, akaikunja. "Kwani huko kwenu, miaka yote tisa, ninyi mlikuwa mkiijuaje?"