Taa ya Buti

Fundi wa Mkuyuni alimaliza kulipima gari la Leonsia, ambalo asubuhi lilikuwa haliwaki. "Betri ni nzima, dada. Kuna taa inaachwa inawaka usiku kucha."

Leonsia alirudi nyumbani Mkolani akijiuliza ni taa gani. Jioni, akianua nguo, alimwona mumewe akiushusha mfuniko wa buti la gari hilo kwa vidole viwili, taratibu, ili usijifunge. Mwanga mdogo ulibaki ndani.

"Kumbe ni wewe!"

Mumewe alishtuka, akainamisha uso. "Gari lako likiwaka, yule daktari mwenzako anapanda hadi kivukoni. Anakaa mbele, mnacheka njia nzima. Lisipowaka, nakupeleka mimi."

Leonsia aliubamiza mfuniko.

"Kesho twende wote," alisema. "Daktari atakaa mbele. Wewe utakaa nyuma."