Pole ya Wakesho

Nikianguka barafuni, anayeumia ni dada yangu Wakesho. Ndiyo sheria ya mashindano: kila mtelezaji huandikisha ndugu wa damu wa kumbebea maumivu, ili mwili wa bingwa usijifunze kuogopa. Mimi huinuka, nikajipangusa, nikaendelea kuzunguka. Yeye, nyumbani kwake mtaa wa pili, huachia mwiko na kushika nyonga.

Kwa hiyo pole zangu hupelekewa yeye. Majirani wakiniona kwenye televisheni nimeanguka, humbishia mlango. "Pole, mama Mghoi. Leo mdogo wako kaanguka vibaya."

"Nimeshapoa," huwajibu, hata kabla hajaweza kusimama.

Jana nilitwaa ubingwa wa tano bila kuanguka hata mara moja. Nilitoka uwanjani mbio kumpelekea medali. Nilimkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, jiko halijawashwa.

"Dada, leo sikuanguka!"

"Najua, mdogo wangu. Lakini ningejuaje mapema? Siku ya mashindano sishiki kitu cha moto."

Nilichemsha maji, nikamkanda goti lililoumia nilipoanguka mazoezini. Alifumba macho.

"Sasa umeshinda. Utapumzika?"

Nilikamua kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Pale mlangoni mwa uwanja, kocha alikuwa ameniomba nijifunze mruko wa mizunguko mitano. Hakuna aujuaye bila kuanguka mara mia. Nami nilikuwa nimeshakubali.

"Pole, dada," nikasema.

"Ya nini tena? Ya juzi nimeshapoa."

Sikumwambia kwamba hiyo ilikuwa ya kesho.